"Mwachie Mwenzako": Mgombea wa Mkiani na Debe la Chama

Waandalizi wa mkutano huu wa Kibera wameniomba nizungumzie swali linalozuka kila msimu wa mchujo, swali ambalo kwa kawaida hujibiwa usiku, ndani ya gari lenye vioo vyeusi, na watu wawili au watatu: mgombea anayebaki nyuma katika mbio za tiketi ya chama, je, ajiondoe?

Jibu langu nalitoa mapema ili asiyekubaliana nami apate muda wa kuandaa hoja. Kabla debe la chama halijafunguliwa, mgombea wa mkiani hana sababu ya kuondoka na hakuna mwenye haki ya kumwondoa. Debe likishafunguliwa, kura zikahesabiwa mbele ya watu, mambo hubadilika, na mara nyingi ni heri aondoke, tena aondoke kweli. Sisi tumezoea kufanya kinyume. Tunawafukuza watu kabla ya hesabu, halafu wakishakuwa wagombea huru tunawaandama kwa magoti tukiwaomba warudi nyumbani.

Nianze na hapa Kibera, kwa sababu hapa tiketi ndiyo uchaguzi wenyewe. Marehemu Raila Odinga alikuwa mbunge wa Lang'ata, ambayo wakati huo iliimeza Kibera yote, tangu 1992 hadi 2013. Aliingia kwa FORD-Kenya. Alipohamia NDP ukafanyika uchaguzi mdogo mwaka 1997, na wapiga kura wakahama naye. Baadaye ikawa NARC, kisha ODM. Eneo bunge la Kibra lilipoundwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2013, Ken Okoth alilichukua kwa tiketi ya ODM na akalitetea mwaka 2017. Ndiyo maana katika kampeni za 2019 watu walipaita hapa chumba cha kulala cha Baba, yaani Raila, na wapinzani wakajigamba kwamba wangeingia hadi humo chumbani.

Okoth alifariki Julai 2019 kwa maradhi ya saratani. ODM ikaitisha mchujo tarehe 7 Septemba, na la kushukuru ni kwamba ulikuwa mchujo wa debe. Waliojitokeza walikuwa wengi, na tangu mwanzo kila mtu alijua nani yuko mbele: Bernard Otieno Okoth, tunayemwita Imran, ndugu wa marehemu. Kwa akili ya wale wa vioo vyeusi, wenzake wote wangerudi nyumbani mara tu matanga yalipoondolewa. Hawakurudi. Walipigiwa kura, wakashindwa. Imran aliwaacha mbali kwa kupata kura elfu nne na ushei. Kisha tarehe 7 Novemba ukaja uchaguzi mdogo wenyewe: Imran 24,636, McDonald Mariga wa Jubilee 11,230, Eliud Owalo wa ANC 5,275, na Khamisi Butichi wa Ford Kenya 260.

Tuzikalie takwimu hizo kidogo. Daftari la wapiga kura wa Kibra lilikuwa na majina zaidi ya 118,000. Watu elfu nne na ushei ndio waliompa Imran tiketi, na tiketi ikampa kiti. Ni mlango mwembamba mno kwa eneo kubwa kama hili. Lakini hebu fikirini tungeuziba hata huo. Wagombea wa nyuma wangeambiwa wamwachie mwenzao, mchujo ungefutwa, na Imran angepewa cheti mezani. Angeshinda Novemba, sina shaka. Ila swali la nani anafaa kumrithi Ken Okoth lisingeulizwa kwa mkazi yeyote wa Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe wala Woodley. Lingejibiwa kwa niaba yao.

Jambo la pili katika takwimu hizo huwakera marafiki zangu wa chama. Owalo alikuwa mtu wa ODM, akatoka bila kuingia mchujoni, akaenda ANC. Siku zile niliambiwa na kila mwenye kipaza sauti kwamba angegawa kura na Jubilee ingepita katikati. Jumlisheni Mariga na Owalo: 16,505. Bado Imran yuko mbele kwa zaidi ya 8,000. Hofu ya mgawanyiko, ambayo ndiyo fimbo inayotumika kuwafukuza wa mkiani, haikuwa na msingi. Mara nyingine huwa nao, na nitafika huko. Lakini anayekuja na hofu hiyo aje pia na hesabu.

Mtanijibu kwa methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Naipenda methali hiyo, ila msimu wa mchujo husomwa vibaya. Inamsema mtu aliyekwisha kushindana. Anayesukumwa nje kabla ya kura hajashindwa na mtu. Ameshindwa na uvumi, au na kura ya maoni ambayo hajui nani aliilipia.

Na tutazame ni nani hasa anayeombwa amwachie mwenzake. Kama ni mwanamke, ataambiwa asubiri kiti cha Mwakilishi wa Wanawake, kana kwamba viti vingine vyote viliandikwa kwamba ni vya wanaume. Mnubi, ambaye wazee wake wako Kibera tangu enzi za askari wa jeshi la kikoloni la KAR, ataambiwa watu wake ni wachache, afadhali atafutiwe uteuzi. Kijana naye anaambiwa bado mdogo. Sijasikia tajiri akiombwa aondoke kwa sababu yuko nyuma. Yeye huombwa aongeze pesa.

Kuna kijana mmoja wa wadi ya Gatina, hakunipa ruhusa ya kumtaja, aliyewania udiwani kwa tiketi ya chama ambacho nacho sitakitaja. Aliuza nduthi yake ili aendeshe kampeni. Mabango yake yalibandikwa kwa uji wa unga wa ngano kwenye mabati ya mtaa mzima. Usiku wa kuamkia mchujo aliitwa, akaambiwa maneno mnayoyajua: mwachie mwenzako, wewe bado una miaka mingi, tutakukumbuka. Alfajiri mawakala wake walikuwa wameshafika kwenye lango la shule, beji shingoni, chai wamekunywa kwa mkopo, ndipo walipoona kwenye WhatsApp kwamba mtu wao "ameunga mkono". Hakuna aliyewapigia simu. Hadi leo, ukipita penye mjengo pale karibu na stendi, utaliona jina lake limechujuka mgongoni mwa fundi anayechanganya simiti.

Niliongea naye baadaye. Pesa zilimuuma, lakini alikuja kuumwa zaidi na jambo jingine: hajui alikuwa na kura ngapi. Hajui kama watu wa ploti yake mwenyewe wangempigia. Angalau kura mia tatu zilizohesabiwa na kuandikwa kwenye fomu ni mtaji. Unaweza kuzipeleka kwenye kikao kijacho ukaziweka mezani. Ahadi ya kukumbukwa haina fomu.

Tutoke mtaani kidogo twende Kasarani, tarehe 1 Septemba 2007. ODM ilikuwa ikimtafuta mgombea wa urais. Najib Balala na Joseph Nyagah walijiondoa wakamuunga mkono Raila kabla ya kura. Musalia Mudavadi na William Ruto walibaki hadi mwisho, ingawa ukumbi wote ulijua upepo unavumia wapi. Raila alipata kura 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Ukitaka mfano wa mtu wa mkiani aliyestahili kuambiwa asiwapotezee watu muda, ni huyo wa tatu, mwenye kura 368 za wajumbe. Miaka 15 baadaye aliapishwa kuwa Rais.

Nisiwadanganye, kwani Balala na Nyagah nao hawakupoteza. Waliingia kwenye Pentagoni pamoja na wenzao na baadaye wakawa mawaziri. Kwa mtu binafsi, basi, kujiondoa kunaweza kulipa vizuri tu. Kwa chama ni tofauti. Chama kilitoka Kasarani kikijua uzito wa Mudavadi na wa Ruto kwa tarakimu, na Mudavadi akawa mgombea mwenza bila mtu kuuliza kwa nini yeye. Zaidi ya hapo, waliopigiwa kura wakashindwa hadharani waliingia kwenye kampeni wakiwa na sababu ya kuikubali tiketi: walikuwa wameishiriki.

Linganisheni na mwaka 2012. Safari hii katiba ya ODM ilimpa kiongozi wa chama tiketi ya urais moja kwa moja. Mudavadi akataka kifungu hicho kiondolewe na debe lifunguliwe. Mwezi Mei akahama, akaenda UDF. Desemba akatia saini makubaliano ya kuachiwa nafasi na Uhuru Kenyatta, ambayo Uhuru aliyakana, akisema ni mashetani waliomponza. Machi 2013 Mudavadi aligombea akapata kura 483,981, chini ya asilimia 4. Hapa niongeze neno la pembeni kwa wale wanaopenda kusema kura hizo ndizo zilizomnyima Raila urais: fanyeni hesabu upya. Uhuru alivuka nusu kwa asilimia 50.07 ya kura zote. Mngezichukua kura za Mudavadi mkampa Raila zote, jumla isingebadilika, na Uhuru angebaki na 50.07 yake. Alichopoteza Raila ni mtu aliyekuwa naibu wake, na alimpoteza mwezi Mei, mlango wa mchujo ulipofungwa. Hakumpoteza siku ya kupiga kura.

Waliosoma magazeti ya mwaka 2008 watakumbuka kwamba swali letu liliulizwa Marekani kwa sauti kubwa zaidi. Kibera ilikuwa bado inazika watu wake na kuokota mabati yaliyoungua, lakini jioni watu walisimama mbele ya televisheni za vibanda kumtazama Barack Obama, ambaye mwaka 2006 alifika hapa hapa mtaani. Kufikia Machi hesabu ya wajumbe ilionyesha Hillary Clinton asingeweza kumfikia kwa urahisi. Seneta Patrick Leahy akasema wazi kwamba ajiondoe. Clinton akakataa. Alishinda Pennsylvania mwezi Aprili, akaendelea hadi mwisho, na alikubali kushindwa tarehe 7 Juni. Kila mmoja wao alikuwa na kura zaidi ya milioni 17.

Waliomtaka aondoke walihofia chama kingechoka na kugawanyika. Kilichotokea ni kwamba, kwa kuwa mbio hazikuisha Machi, wagombea hao wawili walilazimika kwenda Indiana na North Carolina, majimbo yaliyopiga kura tarehe 6 Mei na ambayo miaka mingine huwa hayasikiki katika mchujo. Walifungua ofisi, wakaandikisha wapiga kura, wakafahamiana na watu. Novemba Obama alishinda majimbo yote mawili. Indiana haikuwa imewapa Democrats ushindi wa urais tangu 1964, na North Carolina tangu 1976. Sitasema mchujo peke yake ndio uliofanya hivyo. Mwaka ule uchumi wao ulikuwa umeanguka. Ila timu iliyo nyuma kwenye ligi haiambiwi isije uwanjani Jumapili, maana mechi yake ndiyo inayomnoa bingwa.

Sasa tuvuke Ngong Road twende Kawangware, kwenye kisa kinachoniuma kuliko vingine. Kawangware, Gatina na Kabiro ni wadi za Dagoretti Kaskazini, eneo bunge moja na Kilimani na Kileleshwa. Simba Arati alilishika kwa ODM tangu 2013 hadi 2022, akafuatiwa na Beatrice Elachi wa chama hicho hicho. Nyumba nyingi za Kawangware zina jamaa Kakamega, Vihiga na Bungoma. Kwa hiyo Tim Wanyonyi, naye akiwa na asili ya huko, alipotangaza kuutaka ugavana wa Nairobi kwa ODM, alipata masikio hapa bila kuyatafuta. Wanyonyi ni wakili, wakati huo akiwa mbunge wa Westlands kwa muhula wa pili, mtu anayetumia kiti cha magurudumu tangu majambazi walipompiga risasi mwaka 1998. Alifanya kampeni kwa miezi.

Aprili 2022 wakubwa wa Azimio, muungano wa ODM na Jubilee, waliamua kwamba ugavana wa Nairobi uende Jubilee, kwa Polycarp Igathe, ambaye aliwahi kuwa naibu gavana kwa miezi michache tu kabla ya kujiuzulu Januari 2018. Wanyonyi akaambiwa amwachie. Wanachama wa ODM hawakupewa debe la kuwachagua kati ya hao wawili. Kama alikuwa nyuma, alikuwa nyuma kwenye makaratasi ya nani? Alirudi Westlands akatetea kiti chake.

Tarehe 9 Agosti Johnson Sakaja wa UDA alipata kura 699,392, Igathe 573,516. Siku hiyo hiyo, kwenye vituo hivyo hivyo, Edwin Sifuna wa ODM alichaguliwa seneta kwa kura 716,876, na Esther Passaris wa ODM akawa Mwakilishi wa Wanawake kwa kura 698,929. Raila mwenyewe aliongoza Nairobi kwenye urais. Kati ya Sifuna na Igathe pana pengo la kura 143,360. Kuna watu walioingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, wakampa seneta wa ODM kura, wakaishika karatasi ya gavana, na mkono ukagoma.

Sidai kwamba Wanyonyi angeshinda. Hakuna ajuaye, na ndiyo shida yenyewe. Debe lilinyimwa nafasi ya kutuambia. Na ili nisionekane navuta kamba upande mmoja, Kenya Kwanza, muungano wa UDA, nao walifanya vivyo hivyo. Askofu Margaret Wanjiru alikuwa akiutaka ugavana kwa UDA, akamwachia Sakaja, na Sakaja akashinda. Kwa hiyo kujiondoa hakuleti mkosi kila mara. Lakini angalieni tofauti. Wanjiru alipewa tiketi ya useneta, jina lake likabaki kwenye karatasi za kila kituo cha Nairobi, na wafuasi wake hawakuombwa kubadili chama wala alama. Alishindwa na Sifuna, lakini walijua ametoa nini na amepata nini. Mfuasi wa Wanyonyi wa Gatina aliamka akakuta mtu wake hayupo kabisa kwenye karatasi zake, maana Westlands ni kwa wenyewe, na anaambiwa avuke kwenda chama kingine bila kuelezwa ni kwa nini.

Wapo watakaonitajia mwaka 1992, na wana haki. FORD ilikatika vipande viwili, Agip House kwa Jaramogi Oginga Odinga na Muthithi House kwa Kenneth Matiba, huku Mwai Kibaki akiwa na DP yake. Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Wapinzani watatu walikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya kura na wakabaki kumtazama Moi akiapa. Wakati huo mshindi hakuhitaji zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo hapakuwa na duru ya pili ya kuwaokoa. Je, hapo wa mkiani hakupaswa kuondoka?

Alipaswa. Lakini niambieni, Novemba 1992, wa mkiani alikuwa nani? Kila mmoja wa wale watatu alikuwa na hakika kwamba ni mwenzake. Hawakuwa na debe lililowapanga. FORD iligombana hata juu ya namna ya kumteua mgombea, wanachama wote wapige kura au wajumbe pekee, na ikavunjika kabla ya kujua. Kwangu mimi 1992 ni ushahidi wa kilichotokea pale ambapo mchujo ulikosekana. Miaka 10 baadaye, tarehe 14 Oktoba 2002, Raila alisimama Uhuru Park mbele ya umati akasema Kibaki tosha, na Desemba Kibaki akapata asilimia 62. Hapo mtu alijitoa mwenyewe, mchana, watu wakisikia. Kasoro ilikuwa mfukoni. Mkataba wa maelewano uliosema nani angepewa nini haukuwa wa umma, na ulipopuuzwa, serikali iligawanyika hadi tukafika kwenye kura ya maoni ya 2005 tukiwa kambi mbili.

Bei, basi, isemwe. Uingereza ina sheria inayofanya kuwa kosa kumlipa mtu ili ajiondoe katika uchaguzi, au kumwahidi malipo, na anayepokea naye ana hatia. Sisi tunaita "maelewano" na tunapiga picha. Sina chuki na maelewano. Mtu anaweza kumwachia mwenzake kwa sababu ya bomba la maji la Lindi au hospitali ya Kawangware, akaja kwenye bunge la Kamukunji hapa Kibera akasema: nimeacha kwa sharti hili, mkinidanganya nitarudi. Hiyo ni siasa safi kabisa. Lakini kazi ya kaunti iliyoahidiwa ndani ya gari usiku haiwahusu wapiga kura hata chembe.

Kuna hoja nzito kuliko zote ambayo singependa kuipita haraka: damu. Tunaijua. Kibera ilichomwa mwanzoni mwa 2008. Kawangware 56 iliona nyumba na vibanda vikiungua tarehe 27 Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio. Mama anayeuza mboga pale hajali mchujo ulikuwa wa haki kiasi gani. Anataka kibanda chake kiwepo kesho. Akisema waelewane tu, wamwachie mmoja, tulale, siwezi kumcheka. Ninachoweza kumwambia ni hiki: kwenye michujo ambayo nimeishuhudia, mawe yalianza pale watu walipoambiwa matokeo yako njiani na saa zikapita, au waliposikia cheti kimeshatolewa kwingine. Walioona fomu ikijazwa mbele yao na kubandikwa ukutani walilalamika sana, kisha wakaenda nyumbani.

Tuje kwenye sheria, kwa ufupi, maana mawakili wako humu. Tangu Katiba ya 2010, mgombea wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo katika zaidi ya nusu ya kaunti zote. Asipopatikana wa namna hiyo, kuna duru ya pili. Hivyo wa mkiani kwenye urais haleti tena maafa ya 1992, kwani duru ya kwanza yenyewe ndiyo itakayomwondoa. Ugavana, ubunge na udiwani havina duru ya pili. Mwenye nyingi ndiye mshindi, hata kama nyingi zenyewe ni asilimia 30. Huko ndiko mgawanyiko unaua, na huko ndiko mtu aliyeshindwa mchujo kwa haki, kisha akasimama kama mgombea huru ili tu kumkomoa mwenzake, anawatesa majirani zake. Huyo nitamwambia waziwazi: ondoka.

Lakini Ibara ya 85 inamtaka mgombea huru awe ametoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Mwaka 2022 hiyo ilimaanisha mapema Mei, na vyama vilikuwa vikichuja mwezi Aprili. Malalamiko yapitie kwanza kamati ya chama, kisha yaende kwenye Mahakama ya Migogoro ya Vyama vya Siasa. Mtu ana siku chache za kujua ameshindwa, ameibiwa au amechezewa, na katika siku hizo hizo aamue kubaki au kuhama. Vyama vinaijua hiyo kalenda, na wala havichelewi kwa bahati mbaya. Anayeambiwa jambo dakika ya mwisho hana la kufanya ila kukubali.

Na amri ya wakubwa si lazima itimie. Kule Mandera, baraza la wazee wa Garre liliamuru viongozi waliochaguliwa 2013 wasirudi kugombea 2017. Gavana Ali Roba alikataa, akagombea dhidi ya mtu aliyebarikiwa na wazee, akashinda. Tanzania hawana hata haja ya kumwomba mtu: mwaka 2015 zaidi ya makada 30 walirudisha fomu za urais ndani ya CCM, na majina yakakatwa Dodoma hadi akabaki John Magufuli. Edward Lowassa, jina lake lilipokatwa, alivuka hadi CHADEMA akapata karibu asilimia 40.

Nimesema anayeondoka aondoke kweli, na mfano wangu ni Mariga. Usiku ule wa Novemba 2019, kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, alichukua simu akampigia Imran akampongeza. Hakungoja wazee wala mahakama. Wengi walicheka, wakasema huyo ni mchezaji wa mpira na siasa haijui. Mimi niliona mtu aliyehesabu fomu zake akakubali zilivyosema. Mawakala wake walikuwepo vituoni, kwa hiyo alijua anachokikubali. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na kijana wangu wa Gatina, aliyetakiwa kukubali kabla hata ya karatasi moja kutumbukizwa.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Miezi mitatu kurudi nyuma ni tarehe 10 Mei. Chama kikitaka niamini kwamba kinawaheshimu watu wa Kibera na Kawangware, kichuje Februari, au Machi ikichelewa sana, kibandike matokeo ya kila kituo kwenye mlango wa shule ile ile yalikohesabiwa, kimpe aliyeshindwa nakala. Hapo nitakuwa wa kwanza kumwomba wa mkiani akunje mabango yake. Bila hivyo, abaki, alipe ada yake, aweke mawakala wake, na simu ya usiku akiipokea, awape mawakala waisikilize pia.

Nasikia kuna watu humu ukumbini wanaoutaka udiwani wa Sarang'ombe na wa Kabiro. Maswali yaanze na hao, na mwenye kipaza sauti aanzie safu ya nyuma.